Mgeni Aliyekuja na Kitanda Chake

Jina la Slesi hakupewa na wazazi wake. Alibandikwa na watoto wa mitaa aliyoipelekea mikate maisha yake yote ya kazi, likamganda, hata mkewe, fundi cherehani, akazoea kuitwa mke wa Slesi. Kiwanda cha mikate kilipofungwa, magari yake yakauzwa kwa bei ya kutupa, naye akalinunua lile alilokuwa akiliendesha. Aling'oa rafu za mikate, akatia kitanda, jiko la gesi na tangi la maji. Mke akashona mapazia. Waliahidiana kwamba wakishapumzika kazi watazunguka kuwaona ndugu na marafiki, maana miaka yote walikuwa wakionana nao misibani tu, kila mtu na macho mekundu na haraka ya kurudi kwake.

Lakini safari ilipowadia, maradhi yalikuwa yamewatangulia. Mke alikuwa anasahau. Mwanzo maradhi yalichukua vitu vidogo vidogo, kama mwizi anayejaribu komeo: mkasi umewekwa wapi, chumvi imetiwa au bado. Baadaye yakaanza kuchukua watu. Daktari alimvuta Slesi pembeni, akamwambia, "Mzee, kama kuna mtu unayetaka mkeo amwone na amjue, usingoje."

Mtu huyo alikuwepo. Ni dada mkubwa wa mke, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Wengine wote walikuwa wa njiani.

Slesi hakumwambia yeyote. Aliona kuutangaza ugonjwa ule ni sawa na kumvua mkewe nguo mbele za watu. Badala yake, kabla ya kufika kila nyumba aliegesha gari kando na kumfundisha.

"Tunakwenda kwa nani hapa?" Slesi aliuliza.

"Kwa mdogo wako."

"Yukoje?"

"Ana kipara na maneno mengi."

"Sawa. Ila usimwambie ana kipara."

"Si wewe uliyesema?"

Wakacheka wote wawili, na Slesi akashukuru kwa kicheko hicho.

Mke naye, kwa akili iliyobaki, alijitafutia ngao. Kila aliyemkumbatia alimwambia, "Jamani, hujabadilika hata kidogo!" Watu walifurahi. Kwa mchoma mikate wa zamani, rafiki wa Slesi, alimwambia hivyo hivyo mjukuu anayenyonya, nyumba nzima ikashika mbavu. "Mke wa Slesi ana utani huyu!" Slesi akacheka nao, kicheko cha meno tu.

Jambo moja liliwaudhi wenyeji kila walikopita. Jioni kitanda kilitandikwa, shuka zikanyooshwa, na wageni wakaaga wakaenda kulala garini. "Kaka, chumba changu kina kunguni?" aliuliza mdogo mtu. Slesi alisingizia mgongo. Hakuweza kusema kwamba katika chumba kigeni mkewe huamka akiwa hajui yuko wapi, wala ni nani aliyelala ubavuni pake. Garini hapakuwa na hofu hiyo. Gari la mikate hupangwa ili mkono uchukue bila kuliuliza jicho, na Slesi alikuwa amepanga hivyo hivyo: kikombe kwenye ndoano ya kushoto, ndala chini ya mto, kitenge mlangoni. Mke aliamka, mkono ukagusa kikombe, moyo ukatulia. Alikuwa kwao, popote pale kwao palipokuwa.

Walipofika kwa dada, mke alishuka na kufungua mikono. "Dada! Hujabadilika hata kidogo!"

"Mimi?" Dada, aliyestaafu upishi wa shule ya bweni, alikuwa bado na sauti ya kunyamazisha bwalo. "Meno ya mbele yamehama, nywele zimekuwa pamba, na wewe unasema sijabadilika? Uongo huu umejifunza kwa Slesi!"

Wakakumbatiana, wakalia. Slesi alisimama na funguo mkononi. Ameita dada. Ila amekumbuka, au amesema somo alilofundishwa kando ya barabara muda mfupi uliopita? Hakuthubutu kumuuliza.

Usiku ulipoingia akaanza habari za mgongo. Dada akamkata kauli.

"Shemeji, mgeni gani anakuja na kitanda chake? Kwangu pamekuwa maegesho? Chumba nimekipaka rangi kwa mikono hii!"

"Amezoea kulala garini, dada."

"Amezoea! Nimelala naye kitanda kimoja, ananikojolea, tangu hajui kusimama. Leo ananikimbia akalale garini?"

Hapo ndipo pa kusema. Lakini moyoni Slesi alikuwa na tamaa: huenda kitanda cha dada kingemrudishia mkewe kile ambacho masomo yake yalishindwa. Akakubali. Wanawake wakalala chumbani, yeye garini.

Alfajiri ukelele ulimtoa kitandani. Alimkuta mkewe kwenye kona ya chumba, amejizungushia shuka, akiisukuma mikono ya dada yake.

"Nani kanileta hapa? Usinishike! Nataka kwetu!"

"Ni mimi, mdogo wangu. Ni mimi."

"Sikujui!"

Slesi alimshika mkono, akamvusha ua taratibu, miguu mitupu, mpaka garini. Alipomwona ametulia alirudi kwa shemeji yake, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, akamweleza yote.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka akuone kwanza. Akujue."

Dada akajipangusa uso kwa kiganja. "Ungeniambia, Slesi, ningelala mimi kwenye gari lenu. Hata chini ya injini."

Akainuka, akaenda kugonga mlango wa gari. "Hodi!"

"Karibu, mama," mke alijibu kwa uchangamfu, chai tayari jikoni. "Kwetu ni padogo, jibane hapo."

Dada akakaa kigeni, magoti yamebanana, akapokea chai. "Na nyumba hii mnaelekea wapi?"

"Kwa dada yangu." Mke akamgeukia mumewe. "Eti tumekaribia?"

Dada akamjibia. "Mmekaribia."

"Nina hamu naye! Yule ndiye mama yangu. Mkali, weee! Lakini nikilia alinibeba mgongoni, hata nilipokuwa jitu zima, miguu inaburura chini."

"Naye ana hamu na wewe."

"Unamjua?"

"Namjua."

"Basi twende wote, mama. Nafasi ipo."

Dada alimtazama Slesi, akatikisa kichwa kukubali. Slesi akapita mbele, akawasha gari, akatoka nalo polepole langoni. Nyuma yake aliwasikia wanawake wawili wakimzungumzia dada, mmoja akimsifu, mwingine akiuliza alikuwa akiimba nini alipombeba. Alipofika barabarani alikanyaga breki. Hakujua akate kulia au kushoto.