Mchezo Usiokuonyesha Njia

Mwezi uliopita nilishuka Beni kumwona mdogo wangu, anayekaa mtaa wa Bungulu na binti yake wa miaka kumi na miwili. Nilimkuta mtoto amejikunja sebuleni, kwenye kiti cha salon, simu ya mama yake mkononi, anacheza mchezo wa kutafuta hazina mapangoni. Nikafurahi. Nikavuta kiti nikaketi karibu naye, maana mimi na michezo ya namna hiyo tunajuana tangu zamani, ingawa wenzangu wa kwaya hawana habari. Lakini kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyokunja uso. Juu ya kila mlango palikuwa na mshale wa manjano. Kila kitu cha kuokota kiling'aa kama bati jipya juani. Mtoto alifuata mshale, akagusa kinachong'aa, akapewa nyota, akafuata mshale mwingine. Nikamuuliza itakuwaje akipita ile njia ya kushoto, ile yenye giza.

"Haiwezekane, tantine," akanijibu mimi mama yake mkubwa, bila kuinua macho. "Inanirudishaka."

Jibu hilo lilinikera barabara nzima ya kurudi Butembo. Nikajiambia kwamba huyu mtoto hatakua bila kuujua mchezo mmoja wa kweli, hata kama nitautafuta mpaka soli za viatu ziishe. Ngoja nikueleze ni kwa nini.

Mimi nimekulia Mususa, hapahapa Butembo, katika nyumba ya koko, mama ya mama yangu. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mtumishi wa serikali aliyetumwa kwetu kutoka Kasai. Wao walisali kwa Waprotestanti, sisi tulikuwa Wakatoliki. Nyumbani wao walisema Tshiluba na Kifaransa, sisi Kinande. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha uani. Alikuwa na binti wa rika langu, ambaye alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana, na jirani huyo alikuwa na ordinateur, yaani kompyuta, ya kwanza niliyoiona maishani. Aliinunua kwa padri mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa ya rangi ya maziwa yaliyolala, nzito kama gunia la viazi, na ndani yake padri alikuwa ameacha mchezo mmoja.

Katika mchezo huo wewe ni mbeba-barua. Unafika katika kijiji cha milimani, mvua imekunyeshea, na mfukoni una barua moja ambayo jina lake limefutwa na maji. Kijiji hakina mtu. Kazi yako ni kumpata mwenye barua. Basi, ni hayo tu. Hakuna mshale, hakuna nyota. Unagusa picha, unaokota waya au kopo la mafuta, na ukikosea mbeba-barua anatikisa kichwa na kusema "non" kwa sauti ya mtu mwenye mafua.

Tulicheza Jumamosi, baada ya katekisimu, kwa sababu ndipo jirani alipowasha groupe, jenereta yake, kwa saa mbili za kupigia pasi nguo za kazi na za ibada. Kabla ya hapo nilipaswa kuwa nimeteka maji, nimechambua maharagi, na nimetwanga sombe, yaani kisamvu, mpaka mikono inuke majani mabichi. Nilipoisikia ile groupe ikikohoa, nilitwanga kwa haraka hata koko akaniuliza sombe imenikosea nini. Halafu nilikimbia. Mpaka leo, harufu ya petroli ikichanganyika na ya maandazi ya beignets yanayokaangwa, moyo wangu unaruka kama wa mtoto.

Rafiki yangu alishika souris, kipanya cha kompyuta, mimi nilishika kaye, daftari langu. Nilichora ramani ya kijiji, nyumba kwa nyumba, kisima, kanisa, kinu cha unga, na pembeni niliandika maneno ya Kifaransa tusiyoyajua. Tulimuuliza baba yake. Kama neno alilijua alitueleza. Kama tulimuuliza jinsi ya kufungua mlango, alisema "Tafuteni" na kurudi kwenye radio yake. Nilimwona mkali. Leo ningependa kumshukuru.

Tulikwama. Jumamosi tatu tulizunguka nyumba zilezile. Sisi tulikuwa tumeshaamua kwamba watu wa kijiji hicho wamekimbia. Watoto wa kwetu wangefikiri nini kingine? Tulitafuta matundu ya risasi kwenye kuta, tulitafuta nyumba iliyoungua, nyayo za viatu vya kijeshi. Hatukuona kitu, na bado hatukuacha kutafuta.

Jumamosi ya tatu koko alikuja kuniita nikaanue nguo. Alisimama mlangoni na beseni kiunoni, akatazama ule mwanga wa kompyuta. Hakujua kusoma Kifaransa wala Kiswahili. Akauliza hii ni nyumba ya nani. Tukamweleza kwamba wenyewe wamekimbia na hatujui walikoelekea. Akaomba aone jikoni. Rafiki yangu akagusa mlango, jiko likatokea, na koko akainama akatazama kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua nyumba ya mkwe.

"Aba batu habakukimbia," akasema. "Mutu mwenye kukimbia hatundikake jembe, na hafunikake chungu. Banarudi."

 Nilijua kwamba mara mbili, upande wa Lubero, koko alikimbia na mama yangu mgongoni, na mara zote mbili chungu kilibaki motoni. Hakuwa anabahatisha. Akaonyesha kwa kidole maharagi yaliyoning'inizwa ukutani yakauke, akasema watu hao wako kwenye mavuno, ng'ambo ya mlima, twende tukawatafute huko. Kisha akanikumbusha nguo.

Nguo zilingoja. Nilifungua kaye, na nyuma ya kanisa niliona kinjia ambacho nilikichora mwenyewe na kukidhania pambo. Tukapita. Mbeba-barua hakutikisa kichwa. Alipanda, akapanda, na juu ya mlima kijiji kizima kilikuwa pale, wameinama mashambani, wanavuna. Barua ilikuwa ya bibi mmoja mwenye kitambaa cha buluu. Aliifungua, akaisoma, akaikunja, na mchezo ukaisha. Koko, ambaye alikuwa bado hajaondoka, akataka kujua barua ilisema nini. Baba ya rafiki yangu akatazama, akamwambia haikuandikwa popote. Koko akafikiri kidogo. Akasema basi ni barua ya yule mama, tumwachie mwenyewe. Wakacheka wote wawili, na hiyo ndiyo mara pekee niliyowaona wakicheka pamoja.

Kabla mwaka wa shule haujaisha, jirani alihamishwa kikazi. Walifunga ordinateur ndani ya godoro, wakaipandisha juu ya lori. Mimi na rafiki yangu tuliahidiana kuandikiana. Sikupata barua yake, na sijui kama yeye alipata yangu.

Sasa mimi ni mshonaji, nina kibanda changu Vulamba, mtaa mwingine wa Butembo, na watoto wanaonipita njiani wananiita mama. Niliporudi kutoka Beni nilikwenda mjini kwa kijana anayeuza simu na kuweka michezo. Nilimweleza ninachotaka. Akaniwekea wa mpira. Nikarudi. Akaniwekea wa bunduki, akasema huo unapendwa sana. Niliufuta jioni hiyohiyo. Kwetu mlio wa bunduki haujawahi kuwa mchezo, na mtoto wa Bungulu hatafundishwa na mimi kuufurahia. Nikarudi tena. Safari hiyo aliniwekea wenye picha nzuri sana, milima, mawingu, nyumba za zamani, nikadhani nimefika. Lakini ukisimama kidogo kufikiri, sauti tamu ya kike inakunong'oneza jibu. Nani aliyemwita? Niliporudi mara ya nne, yule kijana alicheka, akaniambia kwa heshima kwamba michezo ya zamani ilikufa na wenyewe. Nikaketi kwenye benchi lake. Nikamwambia sina haraka.

Nadhani alitaka tu niondoke. Akapekua, akapata kimchezo kimoja kidogo kilichochorwa kwa mkono.

"Hii batu banairudishaka, mama. Haielezake kitu."

Nikamwambia ndiyo hiyohiyo, aniwekee.

Ni mchezo wa bonde ambalo nyuki wameacha kutengeneza asali, na wewe ni binti wa mfugaji nyuki. Unatazama maua, unasikiliza mlio wa mizinga, unaokota hiki na kile. Ukikosea, nyuki wananyamaza. Niliucheza nikakosa mstari wa suruali ya mteja, nikaufumua na kuushona upya. Nilihisi mikono yangu ikitafuta kaye. Kumbe ule moyo wa michezo ya zamani haukufa. Umejificha tu mahali ambapo watu hawana subira ya kuutafuta.

Nilishuka nao Beni, ukawekwa kwenye simu ya mama yake mtoto. Mtoto aliucheza siku moja akaniambia umeharibika. Siku ya pili aliitupa simu juu ya kitanda. Mdogo wangu akaniita jikoni, akanieleza polepole kwamba mtoto ana mitihani, na mtu mzima kama mimi kufunga safari kuja kuleta picha za nyuki, majirani watasema nini.

"Waseme," nikamjibu. "Ku shule banamuuliza na banamupa jibu. Kuwe hata fasi moja kwenye hakuna mutu anamuonyesha njia."

Aliendelea kumenya viazi. Hatukugombana. Siku ya tatu nilimkuta mtoto amelala kifudifudi juu ya mkeka, simu upande mmoja, kaye upande mwingine, anachora mizinga. Sikumwambia mtu yeyote. Nilikwenda uani nikajifanya nakunja nguo.

Nyumba ya jirani Mususa haipo tena, pameota ghorofa na maduka chini. Koko tulimzika kabla sijaolewa. Rafiki yangu, kama yu hai, huenda ana wajukuu wanaosema lugha nisiyoielewa. Groupe ile imeshakuwa chuma chakavu. Hayo yamekwenda, na silii ili yarudi. Lakini mtu akiniambia kwamba watoto wa siku hizi hawawezi kukaa na swali, kwamba lazima washikwe mkono mlango kwa mlango, mimi namkatalia, na nitamkatalia mpaka nizikwe. Hawajakosa uwezo. Wamekosa mtu wa kuwaacha watafute.

Jana mtoto alinipigia simu. Amekwama kwenye mzinga wa tano, siku ya nne sasa. Mimi huo nimeupita. Nilifungua kinywa nimsaidie kidogo tu, akanikata.

"Tantine, usiniambie."

Nikanyamaza. Tulikaa hivyo kwenye simu, yeye Beni, mimi Butembo, unit za salio zikiisha, nami nikisikia upande wa pili kalamu yake ikikwaruza karatasi.