Kitambaa Nilichompa Baba Wafula

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana mweupe, nikiwa na akili zangu zote. Mtu akikuambia nilikuwa naota, mwambie aje hapa Kitale aniulize.

Gari letu ni kuukuu, lakini piga magoti uangalie ndani ya magurudumu. Diski za breki zinang'aa kama sufuria mpya, na kalipa, kile chuma kinachobana diski ukikanyaga breki, ni nyekundu bila doa. Hiyo ilikuwa kazi yangu na mume wangu, Baba Wafula. Kila mwisho wa mwezi tulitoa magurudumu, yeye upande wa kulia, mimi kushoto. Tope la huku linang'ang'ania, linaleta kutu upesi. Unaosha kwa sabuni na brashi ya waya, unapiga kalipa msasa, unafunika diski na gazeti, ndipo unapaka rangi ya kuvumilia moto. Yeye ndiye alinifundisha, tena kwa ukali: "Mafuta yasiguse diski hata tone. Ikiteleza, huna breki."

Alikufa, tukamzika nyuma ya nyumba. Nikaendelea peke yangu.

Mwaka jana Nekesa, mke wa mwanangu Wafula, alijifungua mvulana. Watu walingoja apewe jina la marehemu, maana ndiyo desturi yetu. Mimi nikakataa. Nilitaka jina la baba yangu, Wekesa, ambaye hakuna mtu alikuwa amemkumbuka. Wakanisikiliza. Ikabaki mimi kuwapeleka Kabuchai, wazazi wa Nekesa wamwone mtoto.

Siku moja kabla ya safari, saa nne asubuhi, nilikuwa nimeinamia diski ya mbele kushoto. Gari liko juu ya vigogo, magurudumu mawili ya mbele nimeyatoa. Nikasikia:

"Mama Wafula, bado unaacha kutu pembeni."

"Na wewe bado unaongea kuliko kufanya kazi," nikajibu bila kuinua macho.

"Leta kitambaa."

Nikampa. Unaelewa? Mkono ulikuwa umezoea. Nilikiona hata kile kidole chake kilichokatwa na feni ya injini, nikaendelea kusugua. Yeye kule, mimi huku, nikimsikia anavyopumua kwa pua. Nilipofungua mdomo kumuuliza kama atakunywa chai, ndipo nikaacha kusugua. Chai gani? Si huyu nilimwagia udongo juu ya sanduku?

Nikazunguka gari. Hakuna mtu. Kitambaa kimekunjwa mara nne, vile alivyokuwa anakunja. Diski ya kulia inang'aa hadi nikauona uso wangu. Na unajua nilifanya nini? Nililia kwa furaha. Nikasema, mzee amenisamehe lile jina. Nikarudisha gurudumu bila kukagua kitu, ati namheshimu.

Kesho yake Nekesa akaketi nyuma na mtoto. Mteremko wa kwanza kutoka nyumbani ni ule wa kwenda mtoni. Nikakanyaga breki, gari likavutwa kushoto kama ng'ombe aliyekamatwa pembe moja. Tukaingia kwenye mahindi ya watu, tukasimama hatua chache kutoka kwenye maji.

"Mama, unatuua?" Nekesa akauliza, polepole sana.

Fundi alikuja, akatoa gurudumu la kulia, akapitisha kidole kwenye diski.

"Kukhu, bibi yangu, hii ni grisi. Nani alikufunza kung'arisha hivi?"

Nikampa sabuni aioshe. Ningemwambia nini, kwamba ni yule yule aliyenikataza? Upande wangu ndio ulioshika. Angetaka kunichukua mimi, ningemwelewa, tumezeeka pamoja. Lakini alijua mtoto atakuwa ndani. Miaka yote hiyo nimempikia, nimemuuguza, nimemfumba macho kwa mkono huu.

Siku hizi diski zote nne ni zangu. Mara nyingine nasikia msasa ukisugua upande ule mwingine. Siinui kichwa. Kaburi lake limeota magugu, Wafula ananiuliza kwa nini, nami namwambia alime mwenyewe. Mtoto anaitwa Wekesa na atabaki Wekesa.

Wewe unayesoma, ukikuta diski yako inang'aa na si kwa mkono wako, usifurahi. Pitisha kidole. Jaribu breki uani kabla hujapakia mtoto wa mtu. Na marehemu akikuomba kitambaa, hata kama mlilala kitanda kimoja, mnyime.