Mjapani wa Babu Mansuetus

Medali ya babu yangu ndiyo iliyoning'oa jino.

Sitanii. Mzee wa miaka sabini na kitu, shati limefungwa vifungo mpaka kooni, aliipokea mkononi mwangu kwa adabu zote. Akaniuliza jina. Nikamtajia.

Akanitandika nayo mdomoni.

Damu ikamwagika kwenye kitenge. Jino likaangukia kwenye usipa, vile vidagaa vya ziwani, alioanika uani.

Wanaonifahamu hapa Mbinga wanaamini hili pengo nililipata kwenye ugomvi wa kilabuni. Nimewaacha waamini hivyo miaka thelathini. Leo nalisema lilivyo.

Ilikuwa 1994. Wanunuzi binafsi wa kahawa ndiyo kwanza wanaingia kwetu Mbuji na pikapu zao, mitumba imejaa gulioni, kila kijana na redio begani. Mimi nilikuwa nauza kangara, pombe ya kienyeji, nyumbani kwa babu na bibi walionilea.

Nyumba ilikuwa haikosi watu. Nami ndivyo nilivyopenda. Nyumba ikiwa na watu chini ya kumi naona kama kuna msiba. Umbea wa kata nzima ulikuwa unapita kwangu kabla haujafika parokiani.

Na kilichowaleta watu si kangara yangu peke yake. Ni Mjapani wa babu.

Babu Mansuetus alipigana Burma na Keya, jeshi la Mwingereza. Kisa chake kila mtu alikijua kwa moyo. Kila Machi, watu wakitoka kulima ngoro, walikuwa wanakuja kukisikiliza upya.

Kwa msiojua ngoro: kwetu Umatengoni mlima haulimwi hivihivi. Mwanaume anafyeka majani kwa nyengo, anayalaza juu ya ardhi miraba miraba kama madirisha. Mwanamke anafuata, anachimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa ule udongo. Shimo linabaki katikati. Mmatengo akiona majani yamelazwa hivyo, mguu wenyewe unakwepa.

Babu alikuwa anasema kule Burma alichimba handaki lake, akafunika mdomo wake kwa majani, akayalaza vilevile kingoro. Alfajiri, ukungu mzito, Mjapani akaja. Akakanyaga. Akatumbukia.

Babu akamkaribisha na singe.

Hapo nyumba nzima inaitikia: "Ya tumbo! Ya kifua! Ya shingo!"

Watoto walikuwa wanaiimba wakiruka kamba.

Kulikuwa na kipande kimoja cha ajabu. Babu alisema yule Mjapani, baada ya ile ya tumbo, alimwita kwa jina. Sisi tunacheka, tunamuuliza Mjapani kakujuaje wewe wa Mbuji. Babu anajibu wale walikuwa wachawi. Tunacheka zaidi.

Basi, mwaka na nusu kabla ya hapo babu alikuwa amepata kiharusi. Upande wa kulia ukafa, ulimi ukafungwa. Akawa mtu wa kukaa kwenye kigoda tu, anatazama. Kisa nikawa nakisimulia mimi.

Siku moja Wendelin, mnunuzi wa kahawa mwenye mdomo mchafu, akasema mbele ya watu wote kwamba babu yangu Burma hakuijua hata kwenye ramani. Medali kanunua mnadani kwenye marobota ya mitumba.

Watu wakacheka. Nyumbani kwangu. Wakinywa kangara yangu.

Nilimwambia Jumapili ya wiki mbili zijazo aje. Nitamleta mtu aliyekuwepo. Nikishindwa mimi, nafunga kilabu na babu namwita mwongo kwa kinywa changu.

Nikafungua sanduku la bati la babu. Nikachukua medali, na chini yake nikakuta cheti chake cha kuachishwa jeshi na picha moja: askari watatu, babu na vijana wawili waliofanana kama maharage. Nikampelekea babu, nikamwambia nakwenda kuwatafuta hawa.

Babu akalia. Mkono wake mzima wa kushoto ukashika kitenge changu, hauachii.

Nikadhani ni furaha. Nikambandua kidole kimoja kimoja.

Songea, kwenye ofisi ya wapiganaji wa zamani, karani mzee alipekua daftari mpaka akapata. Aliyebaki hai ni mmoja, Nathanieli, wa Liuli, kule ziwani. Akaniambia huyo hajawahi kuja kwenye sherehe yao hata moja.

Nilipaswa kusikia hapo. Lakini mimi na maonyo tangu lini.

Nikapanda lori la mahindi mpaka Mbamba Bay, nikalala kwa watu, kesho yake nikaingia Liuli na jua la saa nne.

Nikamkuta anageuza usipa. Nikapiga goti, "Shikamoo babu," nikaanza kumwaga maneno kama kawaida yangu. Kwamba nina Jumapili ya watu, kwamba ng'ombe hatupati ila mbuzi yupo, kwamba aje tu atuthibitishie yule Mjapani aliyetumbukia. Nikamwimbia mpaka kiitikio. Ya tumbo, ya kifua, ya shingo.

Nikamnyooshea medali. Akaipokea.

"Unaitwa nani, mjukuu?"

"Ottilia Aidan. Wa Mansuetus."

Ndipo jino likatoka.

Nilipoinua uso nikamwona amekaa chini kwenye mchanga, kama aliyepigwa ni yeye.

"Nani alimpa baba yako jina la Aidan?"

Nikamwambia babu mwenyewe. Kwamba alirudi nalo kutoka vitani, na Bibi hakuwahi kuambiwa ni la nani.

"Ni la mdogo wangu," akasema.

Akanisimulia akitazama ziwa. Yeye, mdogo wake na babu walikuwa kikosi kimoja, wanakula sufuria moja. Alfajiri ile Aidan alitumwa maji. Alirudi kwenye ukungu na galoni kila mkono. Mbele yake majani yamelazwa miraba miraba.

"Mmatengo angezunguka. Mdogo wangu ni mtoto wa ziwa. Aliona majani tu."

Nikataka kuziba masikio.

"Ile ya tumbo namsamehe. Kwenye ukungu ule usingemjua hata mama yako. Lakini Aidan alisema, 'Mansuetus, ni mimi.' Nilikuwa hatua kumi, nilisikia. Babu yako naye alisikia. Ndipo akachoma ya kifua. Ndipo akachoma ya shingo."

Wajapani wenyewe walifika saa moja baadaye. Walikufa wengi. Afisa wa Kizungu akakuta damu kwenye singe ya babu, akaandika kwamba ameshika lindo lake peke yake. Hiyo ndiyo medali. Aidan akafukiwa na wengine.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

Akakunja suruali. Mguu umepinda kama mzizi. Siku hiyohiyo ulivunjwa na bomu, na aliyembeba mgongoni kutwa nzima alikuwa babu.

"Alininyamazisha kwa mgongo wake. Mama nikamwambia Aidan kafa kwa homa. Lakini sikujua kwamba anaimbisha watu."

Akainuka. "Bado anapumua?"

"Anapumua."

"Twende."

Njia nzima niliomba lori liharibike. Halikuharibika.

Jumapili nyumba ilifurika. Watu wametoka misa wamepitiliza kwangu, wengine mpaka dirishani. Wendelin kaketi mbele na kata yake ya kangara. Kaka yangu Ignatio, mtu wa hasira, kashalewa.

Ningeweza kuahirisha. Mdomo wangu ulikuwa umevimba, sababu ninayo. Lakini nilitazama ule umati, nikaona aibu kuurudisha. Huo ndio ugonjwa wangu.

Nathanieli akasimama mbele ya kigoda cha babu. Babu akamtambua hapohapo. Mate yakamtoka.

Mzee akasema yote. Kwa sauti ya chini, bila tusi hata moja.



Halafu Wendelin: "Kumbe Mjapani mwenyewe wa Liuli."

Sijui nani alicheka. Ninachojua ni kwamba Ignatio alinyakua mchi wa kinu uliokuwa ukutani, na badala ya kumfuata Wendelin akamfuata mgeni. Akampiga mkono. Nilisikia mfupa.

Mzee akaanguka. Vijana wakamrukia, wanamwita mzushi, ameletwa na watu wa ziwa kutuchafua. Mateke. Vigoda. Mtu alimkanyaga uso akiwa amevaa buti.

Na jamani, walikuwa wanaitikia.

"Ya tumbo!" Teke la tumbo.

"Ya kifua!" Teke la kifua.

Nikawapigia kelele ni kweli, anasema kweli, lakini nyumba iliyolewa haisikii pengo. Bibi Katarina alikuwa anamng'ata Ignatio mkono, Ignatio hata hahisi.

Ignatio akainua mchi kwa ile ya shingo.

Sikumwona babu akitoka kwenye kigoda. Mtu ambaye hata kijiko tulimshikia, alijitupa kwa ule upande wake mzima, akajiburuta, akamlalia Nathanieli.

Mchi ukashuka kwenye bega lake na shingo.

Akasema.

Mwaka na nusu hajatoa neno, na sote tulisikia.

"Ni mimi."

Ignatio akaachia mchi.

"Ni mimi," babu akarudia, mdomo kwenye sikio la Nathanieli. "Ni mimi, Aidan."

Hakuna aliyeitikia.

Babu alikata roho siku ya tatu. Padri alimwahi. Nathanieli, mkono umefungwa kwa vipande vya mianzi, hakuondoka. Alilala chumba kimoja naye siku zote tatu, na makaburini ndiye aliyetupa udongo wa kwanza. Kwa mkono wa kushoto.

Medali aliichukua. Alisema anaipeleka kwenye kaburi la mama yake, akamwambie haikuwa homa.

Ignatio alikwenda Liuli mwaka uliofuata, akamlimia mihogo yake msimu mzima. Hawakuzungumza sana.

Mimi mzee hakuniomba radhi ya jino, nami sikumdai. Kila Krismasi mpaka alipofariki alikuwa ananitumia ungo wa usipa, na salamu kwamba huo hauhitaji meno mengi.

Kilabu nilifunga, ahadi ni ahadi. Watu bado wanajaa kwangu, mimi siwezi upweke. Lakini akija mtu na kisa cha vita, cha namna alivyommaliza fulani, nyumba ikaanza kuitikia, mimi huwa nauliza kitu kimoja tu.

Yule aliyeanguka shimoni alisema nini?

Kama hataki kujibu, msimsaidie kuimba.