Jogoo Kwenye Kabati la Kwaya

Nauza vitunguu Mikumi, pale magari makubwa yanapopunguza mwendo, na kila kitu nakihesabu mara mbili. Ndiyo maana kanisa letu la Kilosa huniita kunadi Jumapili ya mavuno. Mahindi, maboga na kuku vinaletwa mbele, vinaombewa, kisha nje navipandisha bei mpaka waumini wanakereka.

Mwaka jana mama mmoja wa familia ya wafugaji, waliohamia kutoka kanda ya ziwa, alileta jogoo mweupe. Alikuwa wa nadhiri: mtoto akipona degedege, jogoo ni wa Bwana. Mtoto alipona. Jogoo naye akawika katikati ya mahubiri, na hakuwika mara moja. Mzee wa kanisa akambeba, miguu imefungwa, akaingia naye chumba cha mavazi, akarudi mikono mitupu.

Mnadani nikahesabu kuku, nikarudia. "Mzee, jogoo mweupe simwoni."

"Jogoo gani? Mimi simjui." Akageukia maboga.

Jumapili iliyofuata wanakwaya wakafungua kabati la majoho. Ilitangulia harufu, wakafuata inzi. Jogoo alilala juu ya majoho, amevimba, funza wanatembea kwenye kola za sauti ya pili. Mwimbaji mmoja alitapikia ndoo ya maua. Mimi nimewahi kufungua gunia zima la vitunguu vilivyooza, nikala chakula changu cha mchana palepale. Siku ile sikula.

Kilichonichefua zaidi kilikuja baadaye. Sakafu haijakauka, mzee akasimama mbele. "Wapendwa, nilisahau. Nimetubu, na Bwana amenisamehe." Waumini wakaitikia amina, wengine leso ziko puani. Sijapata kuona mapatano yanafungwa upesi namna ile, tena mwenye mali hajaulizwa.

Mwenye mali alikuwa benchi la nyuma. Ibada ilipokwisha alimfuata mzee, akakunja goti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

"Nadhiri yangu imefika, au bado?"

Mzee akatazama viatu vyake. "Mungu anaangalia moyo."

"Moyo nilileta, na jogoo nilileta. Mtoto akishikwa tena, niseme nini?"

Nikadakia, "Mzee, huko juu mmemalizana. Na huku chini?"

"Wewe kauze vitunguu vyako."

"Navyo nikivisahau vinanuka vilevile."

Kasisi alikuwa mlangoni, ametusikia. Alisema tu kwamba sadaka ya mama haijafika madhabahuni, na aliyeiacha njiani ndiye ataifikisha.

Jumapili ya pili yake mzee akaja na jogoo wa nyumbani kwake, mweupe. Nilimpapasa kifua mara mbili nikitafuta kasoro, nikakosa. Mzee alikaa naye mapajani ibada nzima, asije akamsahau. Jogoo akawika, kisha akamnyea suruali ya suti, mharo wa kijani unaoteremka polepole kuelekea goti. Mzee hakuthubutu kuinuka. Nilijaribu kuomba nikashindwa. Macho yalikuwa yanaufuata ule mharo.

Wakati wa sadaka alimkabidhi yule mama jogoo. Nilikuwa karibu, nikasikia. "Nisamehe, mama. Nilimsahau, halafu nikakataa kwamba namjua."

"Nimekusamehe, mzee." Akamfuta jogoo mkia kwa ncha ya kanga yake. "Suruali iloweke kwenye maji ya majivu, isije ikanuka."

Akaenda naye mbele, taratibu, na safari hii mzee alimsindikiza mpaka madhabahuni.

Kwaya iliimba bila majoho. Yameshafuliwa mara mbili, lakini hata mimi nisingeyavaa.