Fundi Cherehani Kwenye Foleni ya Benki

Kujisifu mbele ya watu, fundi cherehani wa mtaani kwetu anaona ni utovu wa adabu. Binti wa kaka yake alipomwekea simu ajirekodi akinadi kazi yake, alikauka kama anapigwa picha ya kitambulisho, na wateja wakazidi kukimbilia nguo za dukani. Anachofurahia yeye ni kukosoa. Popote penye foleni, vidole vyake hutangulia salamu: vinageuza kola ya mtu asiyemjua, vinapapasa bega, vinavuta upindo.

"Kaka, koti hili alikushonea nani, mkwe asiyekutaka?" aliuliza juzi, benki.

"Shangazi, utatuaibisha!" yule binti, aliyemsindikiza, akamnong'oneza. "Kazi yako ya kushona inakufa, wewe unatukana watu?"

"Nimetukana wapi? Nimeliona kwapa. Inua mkono, kaka. Unaona? Linakuvuta kama mbuzi wa mnada. Hebu vua."

Yule bwana alinuna, kisha akavua. Fundi akachomoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake, akafumua, akashona huku akifoka. Alipoinua kichwa, foleni nzima ilikuwa imempa kisogo karani na kumwelekea yeye, wengine wameshika mikanda ya suruali. Nyuma ya kioo, karani naye alikuwa anavua koti.