Mtoto Wetu Anaishi Jumamosi Peke Yake

Admin, kisa changu kipeleke kwa wenzangu lakini jina langu libaki na wewe, kwa sababu hapa Kitengela wengi wananijua kwa kazi yangu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, nimeolewa. Mimi na mume wangu sote ni watu wa Bungoma. Yeye anafanya kazi kwa kiwanda cha simiti, mimi nafundisha maigizo. Kila Jumamosi mchana nakutana na kikundi changu kwa ukumbi wa kanisa. Wengine ni waigizaji wanaozunguka shule wakiigiza vitabu vya mtihani, wengine ni watu wa kawaida ambao hawajawahi kusimama mbele ya mtu yeyote. Hatushiki karatasi. Nawafundisha michezo ya kubuni papo hapo, na sheria kubwa ni moja: chochote mwenzako akisema ndani ya mchezo, hicho ni kweli. Hubishi. Unakipokea, unaongeza chako. Nikipiga makofi, mchezo umeisha.

Hatuna watoto. Tulipata mmoja, msichana, wakati wa mvua kubwa, sasa ni miaka kumi. Nilizaa kwa upasuaji, na dawa iliponitoka niliambiwa mtoto aliishi masaa machache tu, na baba yake ameshaenda kumzika. Sikumwona. Sikumshika. Mume wangu alirudi na matope mpaka magotini, akakaa kando ya kitanda, akasema, "Nimemaliza." Tangu hiyo siku hajawahi kumtaja. Nikianza kuuliza, anatoka nje. Miaka imeenda hivyo, na mimba nyingine haikuja. Majirani wote ni Mama fulani na Baba fulani. Mimi ni Teacher, hata kwa mume wangu.

Sasa mwaka jana alikuja kunichukua kwa ukumbi, akapata hatujamaliza. Tulikuwa kwa mchezo wa kupitisha kitu ambacho hakipo. Mmoja anabeba kitu cha hewa, anampa mwenzake, na mwenzake anakigeuza kuwa kingine. Msichana mmoja mgeni kwa kikundi, Naserian wa kutoka Isinya, alikuwa amebeba mzigo wa kuni. Akamwona mume wangu mlangoni, akamsalimia kwa Kimaasai.

"Sopa mzee! Nisaidie, nimechoka!"

Watu wakacheka. Mimi nilijua atakataa. Mume wangu ni mtu wa kusalimia na kichwa. Lakini aliingia, akanyoosha mikono, na mzigo ulipofika kwake haukuwa kuni tena. Aliweka kiganja chini ya kitu kidogo sana, kama kichwa, akakisogeza kifuani, akaanza kuyumba pole pole. Naserian akauliza, "Anaitwa nani?"

Akasema, "Nafula."

Kwetu Nafula ni msichana wa wakati wa mvua. Ndugu zangu, nilikuwa sijui mtoto wangu ako na jina. Nilitaka kupiga makofi nimalize mchezo, mikono ikakataa kuinuka.

Tulipofika nyumbani nilimuuliza, "Nafula ni nani?" Akaendelea kukata sukuma wiki. "Si ni mchezo tu, Teacher."

Jumamosi iliyofuata alikuja mwenyewe, mapema kunishinda. Na iliyofuata. Na kila akiingia kucheza, anakuja na Nafula. Mara ameota meno, mara amemwaga uji kwa shati ya kazi, mara amekataa kuvaa viatu vya shule. Kikundi kinampenda, wanacheka mpaka wanashika mbavu, wanadhani ni kipaji. Mimi nakaa kwa kiti changu cha mwalimu nikiangalia mume wangu akimlea mtoto wetu bila mimi. Halafu tunaenda nyumbani tunakula ugali kimya.

Mwezi uliopita nilishindwa. Alikuwa amepiga magoti anamsuka nywele, vidole vinamchanganya, watu wanacheka. Nikasimama, nikaingia. Nilikuwa sijawahi kucheza naye. Nikasema, "Baba Nafula, leta nimsuke. Mama yake nimefika."

Hakuniangalia. Alisema kwa upole kabisa, "Pole mama, umepotea nyumba. Mama yake alikufa siku mtoto alizaliwa."

Mimi ndiye nimewafundisha hubishi, unapokea. Nikasema, "Poleni sana. Mimi ni jirani, nilisikia mtoto analia. Naweza kusaidia na nywele?"

Akafikiria, akasogea kidogo. "Keti."

Nikakaa chini, nikaanza kusuka hewa. Nilipofika nyuma ya shingo alinishika mkono haraka. "Hapo pole pole. Ako na alama nyekundu hapo, imekaa kama kipepeo."

Hiyo haikuwa ya kubuni. Nilimwona machoni. Alimbeba, alimwangalia mpaka nyuma ya shingo kabla ya kumweka kwa udongo, na hii miaka yote hajaniambia. Nilisuka nikilia, na waigizaji wangu wakatupigia makofi.

Nyumbani nilimuuliza juu ya hiyo alama. Alitoka kulisha kuku, akakaa huko mpaka chakula kikapoa.

Tangu hapo naingia kila Jumamosi kama jirani. Nimejua ako na vidole virefu kama vya mama yangu. Nimejua alifungua macho. Dada yangu ananiambia nifunge hicho kikundi nimpeleke mume wangu kwa pasta. Lakini nikimkalisha chini nimlazimishe aniite mama wa mtoto, naogopa atanyamaza hata Jumamosi, na huyu mtoto nitampoteza tena. Nikinyamaza mimi, nitaendelea kumjua binti yangu kidogo kidogo, kupitia mdomo wa mtu aliyesema nilikufa. Na nampenda huyo mtu. Sijui kama yeye anajua bado niko.

Mliozika watoto, mlio kwa ndoa zilizonyamaza, nawaomba mniambie ukweli hata kama utaniuma. Jumamosi inakuja. Niingie kama nani?