Balbu ya Borghild

Wifi yangu Borghild Sletten alikamua ng'ombe gizani kwa miaka saba, bila kuwasha hata njiti ya kiberiti. Nikiwasimulia watu leo hunitazama wakidhani nimetia chumvi. Chumvi sijatia. Majira ya baridi ya Wisconsin jua linazama hata hujamaliza kahawa ya alasiri, na saa ya kukamua haimngoji mtu. Nilikuwa nikisimama mlangoni mwa banda nikisikia maziwa yakichuruzika kwenye ndoo, na sauti yake ikiwaimbia zaburi za Kinorwe, kila ng'ombe na ubeti wake, ili ajue ni nani anamkaribia. Mimi nimeolewa na kaka yake, Einar, na tuliishi naye nyumba moja tangu alipofiwa na mumewe. Nilimwambia mara nyingi kwamba iko siku atakamua fahali. Alinijibu kwamba fahali angalau angemsikiliza.

Chanzo kilikuwa kandili. Jioni moja ng'ombe mwenye tabia ya mateke aliipiga ikapinduka kwenye nyasi kavu, na kabla Einar hajafika na maji banda lote likawa moto mtupu. Ng'ombe wengi tuliwatoa. Farasi wawili hatukuwawahi, na mlio wao Borghild aliusikia usingizini mwaka mzima. Majirani walikuja na misumari na mbao wakatujengea banda jipya. Mzee Anders Tveit wa shamba la pili alipiga paa karibu lote peke yake, na mkewe, Inga, alitulisha sote lefse, mikate myembamba ya viazi, zenye siagi na sukari mpaka kazi ikaisha. Banda liliposimama, Borghild alijiweka mlangoni akaapa mbele ya wote kwamba moto hautavuka kizingiti kile tena, hata uwe wa mshumaa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Vuli ile ile alikwenda mjini kuuza mayai, akarudi na kitu amekivingirisha ndani ya soksi ya sufu. Kilikuwa balbu. Aliifunga kwa uzi wa katani kwenye boriti ya katikati, ikaning'inia juu ya ng'ombe, haina waya, haina chochote. Umeme wenyewe ulikuwa mjini, ng'ambo ya kilima, na ulikuwa huko tangu mimi sijazaliwa. Usiku wa Krismasi tuliona mwanga wake umetanda juu ya miti, basi, tunaushangaa na kurudi kwenye masizi yetu. Einar alicheka akapaliwa. Bonde zima likaja kuitazama balbu ya Borghild, wengine wakamuuliza kama ameanza kutaga. Yeye kila Jumamosi alipanda ngazi akaifuta vumbi.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya taa, na hapa nitasema nililonalo moyoni. Wanaosifia mwanga mtamu wa taa ya mafuta hawajawahi kuosha kioo chake. Unasugua masizi kwa gazeti na siki, unakata utambi uwe sawa, unajaza mafuta ambayo harufu yake haitoki vidoleni hata ukanda mkate, na ukikosea kidogo kioo kinapasuka mkononi. Nilizichukia taa zile kwa jina, moja moja. Kwa hiyo siku mtu wa chama cha ushirika aliposimama kwenye chumba cha chini cha kanisa akasema umeme unaweza kufika bondeni kwetu, mimi niliruka kutoka kwenye benchi nikamwaga kahawa ya mchungaji.

Masharti yalikuwa rahisi. Kidole kimoja hakivunji chawa: kila mwenye shamba ajiunge, kila mwenye shamba aruhusu nguzo zipite kwake. Nguzo zingeanzia darajani, zipite malisho ya Anders Tveit, ndipo zifike kwetu. Njia nyingine haikuwepo, kwa sababu upande wa pili ni jabali. Anders akikubali, banda la Borghild litawaka. Akikataa, waya utakomea darajani, nasi tutaendelea kuosha vioo hadi siku ya kiama.

Borghild alizunguka bonde zima kwa miguu. Wote walitia sahihi, hata yule bahili wa kule kinuni aliyekuwa akizima taa wageni wakianza kusimulia hadithi. Anders alikataa.

Alikuwa na sababu kama utitiri. Maziwa yatachacha. Radi itafuata waya mpaka kitandani kwake. Babu yake kule Norwe alisoma kwa taa ya mafuta ya samaki iliyonuka hata paka akahama, baba yake akasoma Biblia nzima kwa mishumaa ya mafuta ya ng'ombe, na yeye amefika kwenye mafuta ya taa, maendeleo ya ukoo mmoja yanatosha. Borghild alikwenda, akarudi, akaenda tena. Mimi nilichemka. Nilisema kanisani, kwa sauti ya kusikika, kwamba wengine wana vichwa vigumu hata misumari ya paa wanaipigilia kwa paji la uso. Inga alikuwa amefariki masika ya mwaka uliopita, na watu walinitazama vibaya kwa kumsema mjane. Sikujali. Zilikuwa zimebaki siku chache, kisha mtu wa ushirika angefunga ramani yake.

Mwishowe nilifuatana na wifi yangu, ilikuwa Novemba, kabla ya saa ya kukamua. Anders alitukaribisha vizuri, maana mtu wa kwetu hata akikuchukia kahawa utapata. Giza lilikuwa linaingia. Aliwasha taa yake mezani, kioo kinang'aa kuliko vyangu vyote, akaketi. Miguu ilikuwa inaniuma, nikaelekea kwenye kiti kilichokuwa kule pembeni, karibu na jiko.

"Si hapo," akasema.

Hakupaza sauti, lakini nilisimama palepale kama mtoto aliyekamatwa na mkono ndani ya chungu. Borghild alimtazama yeye, akakitazama kiti, akarudi kumtazama yeye.

"Mzee Anders," akasema, "maziwa hayachachi kwa waya, na wewe unajua. Tuambie neno lenyewe."

 Mzee akachora duara mezani kwa kidole, pale mwanga wa taa ulipoishia.

"Taa hii inafika hapa," akasema. "Kule haifiki. Kila jioni nakaa hapa nakunywa kahawa yangu, na kule kitini Inga anafuma. Najua hayupo, mama, sijarukwa na akili. Najua. Lakini sioni kwamba hayupo. Sasa nyinyi mnataka kuniletea kitu kitakachomulika kona zote."

 Njiani kurudi nyumbani theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka, nikajaribu kusema kwamba bonde zima haliwezi kukaa gizani kwa ajili ya kiti. Borghild akasema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Jioni ile aliwakamua ng'ombe bila kuimba. Nilidhani mambo yameisha.

Kesho yake alirudi kwa Anders peke yake. Hakukaa hata muda wa kikombe cha pili, nami nilimwona anarudi kupitia malisho, sketi imejaa theluji, karatasi mkononi. Ilikuwa na sahihi. Nilimshika mabega nikamzungusha jikoni, Einar akapiga sufuria kwa mwiko, nikamuuliza amemwambia nini yule mzee. Alisema hayo ni ya Anders na yeye. Nilimbembeleza, nikamnunia siku mbili, nikamchokoza kwamba labda ameposwa. 

Basi zikaja nguzo! Sijui nianzie wapi. Wanaume wenye viatu vya miiba walipanda juu kama kindi, nyaya zikavutwa shamba hadi shamba, na watoto hawakukaa darasani mwezi mzima. Mafundi wakatoboa kuta zetu, wakatuwekea swichi, nasi tukawa tunaziwasha na kuzizima bila umeme, kufanya mazoezi. Bandani, fundi alitaka kuitupa ile balbu ya Borghild. Alisema imepigwa na baridi na mvuke wa ng'ombe miaka saba, uzi wake wa ndani lazima umekatika, na yeye anazo mpya sandukuni. Borghild aliishika kwa mikono miwili.

"Hii," akasema, "au hakuna."

Fundi akaikaza yenyewe kwenye kishikio, akitikisa kichwa.

Umeme uliahidiwa jioni ya Jumamosi mwezi wa Februari, na mchana wake tulizika taa. Vyama vingi vya ushirika vilifanya hivyo wakati ule, nasi hatukutaka kupitwa. Vijana walichimba kaburi uwanjani mwa kanisa, wakivunja barafu kwa sururu, na kila nyumba ikaleta taa yake. Mchungaji alisema maneno ya mazishi nusu anacheka, kwaya ikaimba, wanawake tukajifanya tunalia kwa vitambaa. Mimi yangu niliitupa, sikuiweka, nikapigiwa makofi. Wa mwisho alikuwa Anders. Alikuja na taa yake kifuani, kioo kimeoshwa, utambi umekatwa sawa, na kicheko kikakatika chenyewe. Alipiga goti kwenye theluji akaiweka chini taratibu, akasimama, akajipangusa magoti. Borghild alikuwa amesimama karibu naye.

Jua lilikuwa linashuka na kila mtu alikimbilia kwake, maana nani angekubali mwanga umkute nje ya nyumba yake? Nilipanda gari letu la farasi, nikaita. Borghild hakuja. Alikuwa anaelekea upande wa Anders, kikapu cha sufu mkononi.

"Wewe! Unakwenda wapi?" nikamwita. "Banda ni huku!"

"Nenda wewe, wifi. Swichi nimeiacha imewashwa."

"Miaka saba, Borghild! Miaka saba umeifuta vumbi balbu ile, na leo ndiyo unakwenda kunywa kahawa?"

"Ng'ombe hawatanuna. Nenda, usije ukachelewa ukanisimulia uongo."

Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Einar alimchapa farasi, tukafika, nikakimbia moja kwa moja bandani nikasimama katikati ya ng'ombe, gizani, nikiwa nimeinua uso. Sikuona kitu. Nilisikia kutafuna kwao na moyo wangu. Nikaanza kufikiri kwamba fundi alisema kweli, uzi umekatika, na nitamwambia nini.

Ndipo ikawaka. Kwanza uzi mwekundu, mwembamba kama unywele, halafu mwanga wote kwa mara moja, mweupe, mpaka kwenye pembe za dari! Ng'ombe waliinua vichwa kwa pamoja wakanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyefanya. Niliona misumari ya Anders kwenye paa, safu kwa safu. Niliona utando wa buibui wa kutosha kufuma shuka. Nilipiga kelele, nikambusu ng'ombe puani, nikamwita Einar ambaye alikuwa jikoni akipiga kelele zake, na nilipotoka nje bonde zima lilikuwa limewaka, dirisha kwa dirisha, hadi darajani. Sikuvaa hata koti. Nilikimbia kukata malisho ya Anders nimlete wifi yangu, hata ikibidi nimburute kwa nywele.

Dirisha lake lilikuwa linang'aa, nami nikachungulia kabla ya kubisha. Chumba kizima kilikuwa wazi: jiko, rafu, picha ya harusi, rangi ya ukuta iliyobanduka, na kona ile. Borghild alikuwa ameketi kwenye kiti cha Inga, anafuma.  Anders alikuwa amekaa mahali pake mezani, amejiziba macho kwa viganja. Nikamwona anavishusha polepole, kidogo kidogo, akainua uso kuelekea kule pembeni. Akatazama. Alitazama muda mrefu, kisha akavuta pumzi akanyoosha mkono kuchukua birika, akamimina vikombe viwili.

Hapo ndipo nilipojua Borghild alimwahidi nini yule mzee siku ya sahihi, na hasira yangu yote ikanimwagikia mwenyewe.

Nilibisha. Anders alinifungulia, macho mekundu, akaniambia niingie, baridi itaniua. Niliingia, theluji ikiyeyuka viatuni. Borghild hakuacha kufuma, ila sindano zake zilikuwa zimekosea mshono, nami namjua, hakosei.

"Yangu," akaniuliza, "imewaka?"

"Imewaka, wifi. Ile ile. Mpaka darini."

Akainamisha uso kwenye sufu, na mabega yakaanza kumtikisika. Sikujua kama analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua. Anders akasema, kwa sauti ya chini, "Nenda ukaione, binti. Mimi nimeshaona. Nitaweza."

Borghild akajifuta macho, akakiegemea kiti vizuri, akapokea kikombe.

"Nimeingoja miaka saba," akasema. "Nayo iningoje nimalize kahawa."